Njia za Mbio za Mpira na Jinsi Zinavyofanya Kazi

Mtu akanyagapo kwa mara ya kwanza njia ya mbio katika uwanja wa Kasarani, jijini Nairobi, huhisi jambo ambalo macho yake hayakumwambia. Kwa kuitazama tu, njia ile hufanana na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi. Lakini mguu ushukapo, njia hubonyea kidogo sana, na mguu uinukapo ni kana kwamba umesukumwa kutoka chini. Njia hiyo imefanywa kwa mpira. Wakimbiaji wengi wa Kenya huiita "Tartan", na hilo asili yake ni jina la biashara la kampuni ya 3M ya Marekani, iliyoanza kuuza njia za namna hiyo katika miaka ya 1960.

Kabla ya hapo viwanja vikubwa vya dunia vilitandazwa masalio ya makaa ya mawe yaliyokwisha kuungua, yakapondwa na kushindiliwa. Roger Bannister alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, huko Oxford mwaka 1954, alikimbia juu ya masalio hayo. Wilson Kiprugut naye, alipoipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba katika mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, alikimbia juu ya njia ya namna hiyo hiyo. Ubaya wake ulijulikana na kila mkimbiaji. Mvua ikinyesha, njia iligeuka tope. Jua likiwaka, ilitoa vumbi. Na misumari ya viatu ilichimbua upande wa ndani, hata waliokimbia jioni walipita juu ya mashimo yaliyofanywa na waliokimbia asubuhi.

Michezo ya Mexico City, mwaka 1968, ndiyo Olimpiki ya kwanza kufanyika juu ya njia iliyotengenezwa kiwandani. Huko Naftali Temu alishinda mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino akashinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Yafaa ikumbukwe kwamba wanaume hao walijifunza mbio juu ya nyasi na udongo.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kubonyea ni kuzuri, mbona njia haifanywi laini kama godoro? Swali hilo lilichunguzwa na wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Thomas McMahon na Peter Greene, katika miaka ya 1970. Waliutazama mguu wa mkimbiaji kama springi ya gari: hujikunja uzito unapoushukia, kisha hujinyoosha na kuurusha mwili mbele. Walipowakimbiza watu juu ya mito laini, waliona kwamba mguu ulikawia mno chini, kama mguu wa mtu apitaye katika mchanga mkavu wa pwani. Juu ya ardhi ngumu mguu haukukawia hivyo, lakini ulipata mshindo mkali. Kati ya hali hizo mbili walipata kipimo kilicho bora, yaani njia inayobonyea, lakini iliyo ngumu mara kadhaa kuliko mguu wenyewe. Chuo kilijenga njia ya ndani ya nyumba kwa kipimo hicho mwaka 1977, na wakimbiaji wake wakaongeza mwendo kwa karibu sehemu 3 katika kila 100. Majeraha ya miguu nayo yakapungua, na kwa mwalimu wa michezo hilo labda lapita hata mwendo.

Kwa sababu hiyo Shirikisho la Riadha la Dunia limeweka mipaka ya pande zote mbili. Njia ya mashindano makubwa sharti ipunguze mshindo wa mguu kwa sehemu 35 mpaka 50 katika kila 100, ukilinganisha na sakafu ya saruji. Ikipunguza chini ya hapo ni ngumu mno; ikizidi ni laini mno, nayo hukataliwa vilevile. Unene wake wa wastani haupungui milimita 12, ambao ni kama upana wa kidole kidogo, na misumari ya viatu vya mbio hairuhusiwi kupita milimita 9.

Mpira wenyewe hutandazwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya chembechembe za mpira, mara nyingi za matairi ya zamani yaliyosagwa, na gundi iitwayo poliyurethani, kisha kuumimina mchanganyiko huo papo hapo uwanjani. Ya pili ni kuleta mpira uliokwisha kutengenezwa kiwandani, umekunjwa kama mkeka, na kuubandika chini. Lakini iwe hii au ile, mpira ni ngozi tu. Mifupa ya uwanja iko chini: udongo ulioshindiliwa, kokoto, tabaka za lami, na mifereji ya kuondoa maji. Njia huinamishwa kidogo kuelekea ndani, si zaidi ya sehemu 1 katika 100, ili maji yasituame. Palipo na msingi mbaya, lami hupasuka, maji hupenya, na mpira huinuka kama ngozi yenye malengelenge. Mkimbiaji akijikwaa hapo huumia vibaya zaidi kuliko angaliumia shambani. Shule yenye fedha kidogo hufanya vyema zaidi kusawazisha kiwanja cha nyasi na kuchimba mifereji mizuri, kuliko kununua mpira na kuubandika juu ya msingi dhaifu. Hata huko Kamariny, karibu na Iten, wakimbiaji wengi mashuhuri walifanya mazoezi miaka mingi juu ya udongo mtupu.

Njia ya mpira ikisha kujengwa, maadui zake ni wengi. Jua huila gundi polepole. Mchanga ulioletwa na upepo huisugua kama msasa, na kwa hiyo hufagiwa na kuoshwa kwa maji. Mafuta ya magari huiharibu, na magurudumu ya lori huikandamiza hata isibonyee tena. Sherehe ikifanywa uwanjani, mbao hutandikwa kwanza pale magari na majukwaa yatakapopita.

Mahali panapochakaa upesi kuliko pote ni mstari wa kwanza wa ndani, kwa maana wakimbiaji wa masafa marefu hujikusanya hapo, mzunguko baada ya mzunguko. Katika viwanja vingi vinavyotunzwa vizuri mstari huo hufungwa siku za mazoezi kwa viunzi au vizuizi vidogo, na wanaojizoeza hupelekwa mistari ya nje. Mzunguko wa huko ni mrefu kidogo, na mwalimu huongeza tofauti hiyo katika hesabu yake.