Giaboksi ya Otomatiki Iliyotembea Sana: Oili Ndiyo Shahidi wa Kwanza

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo iliyopita baina ya pwani na Unyanyembe ilichukuliwa hasa na watu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kubeba kiasi cha kilo 30, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ilipumzika Tabora. Mpagazi hakuhitaji kufundishwa fizikia ili ajue kwamba penye mlima hatua hufupishwa, na penye tambarare hurefushwa. Uwezo wa mwili wake, yaani nishati aliyoweza kuitoa kila sekunde, ulikuwa na kikomo. Alichoweza kubadili ni namna ya kuugawa uwezo huo baina ya kani na mwendo. Kazi hiyo hiyo ndiyo ifanywayo na giaboksi ya gari.

Leo nchi hiyo hupitwa na magari. Mengi ya magari madogo yaonekanayo Tabora, Nzega, Urambo na Sikonge yalitumika Japani kabla ya kuletwa Tanzania. Nchi zote mbili huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani umekaa panapofaa. Na kwa kuwa giaboksi ya otomatiki imeenea sana Japani, imeenea na huku pia. Gari la namna hiyo likishatembea kilometa 200,000 au zaidi, aghalabu dalili za uchovu huanza kuonekana. Gia huchelewa kushika, au injini hunguruma pasipo gari kuongeza mwendo. Hapo hofu humwingia mwenye gari. Giaboksi nyingine ni ghali, na ile iliyotolewa katika gari bovu haijulikani ilitumikaje. Uamuzi wa pupa waweza kumaliza akiba ya msimu mzima wa tumbaku. Je, kuna njia ya kuutambua ugonjwa kabla ya kununua dawa? Njia ipo, nayo huanzia kwenye oili.

Oili yenye kazi nyingi

Katika giaboksi ya kawaida, oili hulainisha meno ya gia tu. Katika giaboksi ya otomatiki, oili ndiyo inayopitisha nishati, ndiyo inayobana klachi, na ndiyo inayochukua joto kulipeleka nje.

Baina ya injini na gia kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili. Asili yake ni hataza aliyoipata mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905, naye alikusudia kuendesha meli, si magari. Ili kukielewa, fikiria pangaboi mbili zinazotazamana. Moja ikiwashwa, upepo wake huizungusha ya pili ingawa hazigusani. Ndani ya chombo hiki oili imechukua nafasi ya upepo. Gurudumu la tatu, lililo katikati, huigeuza oili inayorudi ili isukume tena, na hivyo wakati wa kuondoka kani ya kuzungusha huweza kufika kiasi cha mara mbili ya ile ya injini.

Nyuma ya chombo hicho mna gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati mfano wa sayari na jua. Uwiano wa mwendo hubadilika kwa kuzuia sehemu moja na kuachia nyingine. Kazi ya kuzuia hufanywa na sahani za klachi zinazobanwa kwa shinikizo la oili itokayo kwenye pampu. Kila msafara ulikuwa na kirangozi, kiongozi aliyetangulia mbele. Katika giaboksi hii kirangozi ni vali, na katika magari ya siku hizi vali nazo huamriwa na kompyuta. Lakini kompyuta haina mkono mwingine ila oili. Oili ikipungua, pampu humeza hewa, shinikizo hushuka, na sahani huteleza badala ya kushikana.

Adui ni joto

Kila penye kuteleza pana joto. Chukua mfano wa gari lililozama katika mchanga, ambao ni mwingi katika njia za Tabora. Magurudumu hayazunguki, na dereva anaendelea kukanyaga mafuta. Iwapo injini inatoa kilowati 30, nishati hiyo haina pa kwenda ila kugeuka joto ndani ya oili. Lita 7 za oili zina tungamo la kiasi cha kilo 6, na kila kilo huhitaji kiasi cha jouli 2,000 ili kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo jouli 12,000 huipandisha oili yote nyuzi 1, na jouli 30,000 za kila sekunde huipandisha nyuzi 2.5. Katika nusu dakika, oili iliyokuwa na nyuzi 80 yaweza kufika nyuzi 155, bila kuhesabu joto linalomezwa na chuma au linaloondolewa na rejeta. Wanakemia nao hukadiria kwamba kila joto likizidi nyuzi 10, kasi ya oili kuungana na oksijeni na kuharibika huwa karibu mara mbili. Dakika chache za kulazimisha gari mchangani zaweza kuizeesha oili kuliko safari ndefu ya lami.

Kuusoma ushahidi

Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Gari husimamishwa mahali tambarare, injini ikiwa imepata joto, kisha kijiti cha kupimia huchomolewa. Magari mengi hupimwa injini ikiunguruma na gia ikiwa kwenye P, lakini mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana kijiti kabisa. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Oili iliyopungua maana yake imevuja, kwa sababu giaboksi haichomi oili. Huenda kasoro ni sili tu iliyokakamaa, na giaboksi yenyewe ni nzima. Oili nyekundu iliyokuwa hudhurungi imezeeka. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, yenye vipande vya chuma au unga wa sahani, yaonyesha kwamba klachi zimelika. Oili inayofanana na maziwa ya rangi ya waridi imeingiwa na maji. Katika magari mengi oili hupozwa ndani ya rejeta, na rejeta inayojazwa maji ya kisima pasipo dawa ya kuzuia kutu huweza kutoboka ndani. Gari hilo lisiendeshwe tena, maana maji huiharibu gundi inayoshika sahani.

Iwapo oili ni safi na imetimia, fundi apime umeme kabla ya kufungua chuma. Kompyuta ikipata habari zisizoeleweka, huweza kuifungia giaboksi katika gia moja ili kuilinda. Waya uliokatika huweza kufanana kabisa na giaboksi iliyokufa.

Je, oili ibadilishwe?

Wapo wasemao kwamba oili mpya huiua giaboksi ya zamani. Neno hilo lina chembe ya ukweli. Oili mpya huweza kung'oa uchafu uliogandamana, nao ukaziba njia nyembamba za vali. Lakini mara nyingi oili hubadilishwa wakati sahani zimekwisha lika, kisha mgonjwa akifa hulaumiwa dawa. Giaboksi inayofanya kazi vizuri hunufaika ikimwagwa oili ya chini na kujazwa mpya, pamoja na filta, bila kuisafisha kwa kusukuma oili kwa mashine. Giaboksi ambayo sahani zake zimekwisha haitaponywa na oili yoyote. Aina ya oili nayo ni sharti ifuatwe. Yapo magari yasiyo na gia za namna hii, bali mkanda wa chuma unaopita kwenye puli mbili. Oili yake ni nyingine, na kuchanganya ni kuharibu.

Gari likizimika njiani

Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizimika, hakuna shinikizo la kubana klachi. Ndiyo maana gari hili haliwaki kwa kusukumwa, hata wasukumaji wakiwa kumi. Vilevile likivutwa kwa kamba kutoka porini hadi Tabora mjini, gia huzunguka pasipo kulainishwa, na giaboksi iliyokuwa nzima hufika imekufa. Magurudumu yanayoendesha lazima yainuliwe, au gari lipakiwe juu ya lori.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuwapa wanafunzi hesabu ile ya mchanga, kisha awaulize: ikiwa oili ni lita 3.5 tu, nusu dakika itaifikisha nyuzi ngapi? Atakayepata jibu ataelewa kwa nini kijiti cha kupimia oili hutazamwa kwanza, kabla ya kumwita muuza giaboksi.