Kasoro Zinazolipa Ugumu Bamba la Kuungia Mfupa

Mabamba mengi ya kuungia mifupa iliyovunjika hutengenezwa kwa 316L, chuma kisichoshika kutu ambacho atomu zake zimejipanga kwa umbo la mchemraba: moja katika kila pembe, moja katikati ya kila uso. Kikiwa laini, kwenye mkazo wa takribani megapaskali 200 huanza kupinda bila kurudi. Kikifinyangwa kiwandani kikiwa baridi, huweza kustahimili zaidi ya 690, na hakuna kilichoongezwa ndani yake ila kasoro.

Kasoro hizo huitwa dislokesheni. Ni mistari ambapo tabaka la atomu limeishia katikati ya fuwele, na atomu za jirani zikabaki zimevutana. Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi walizieleza mwaka 1934, kila mmoja kivyake: metali hupinda kwa sababu mstari huo husogea safu moja baada ya nyingine, wala tabaka zima halilazimiki kung'oka kwa mpigo. Kila mkunjo huzalisha mistari mipya. Katika metali laini, sentimita moja ya mraba hupitiwa na mistari kama milioni 1 hadi milioni 100. Ikifinyangwa sana, hufika bilioni 100 na kuendelea. Hapo ndipo mistari inapobanana. Mistari inayoteleza kwenye nyuso tofauti ndani ya fuwele hukutana na kufungana, fundo lake likagoma kwenda upande wowote, na inayofuata nyuma hurundikana. Mistari ikizidi mara 100, mkazo wa kuisukuma hupanda mara 10. Aluminiamu ina mpangilio uleule wa atomu, lakini haigumuki kama shaba, kwa kuwa mistari yake huhama uso kwa urahisi na kuyakwepa mafundo.

Kwa hiyo wanaosema waya laini ukikunjwa na kukunjuliwa hulainika zaidi ndipo ukakatika, wanakosea. Waya hugumuka, huishiwa uwezo wa kupinda, kisha ufa huanza. Ndiyo maana bamba hukunjwa mara moja, kwa upande mmoja, mbali na matundu ya skrubu. Hofu kwamba mvuke wa kuua vijidudu hulilegeza nayo haina msingi: mvuke huo hufika nyuzi 134 za Selsiasi, ilhali 316L hulainishwa kwenye zaidi ya 1,000.

Mgonjwa naye asiukanyagie mguu wenye bamba kabla ya kuruhusiwa na daktari, maana kila hatua hulikunja bamba kidogo, na mfupa ukichelewa kuunga, bamba huweza kukatika.