Kutoka Moyo wa Kuerten Hadi Simu ya Djokovic

Aliyefungua njia ya mbwembwe za ushindi katika tenisi ni Pat Cash. Julai 1987, baada ya kumlaza Ivan Lendl seti tatu mfululizo katika fainali ya Wimbledon, Mwaustralia huyo hakungoja kombe. Alijipenyeza katikati ya watazamaji, akakwea jukwaa hadi walipoketi baba yake na kocha wake, akawakumbatia. Wimbledon ilikuwa haijaona jambo kama hilo. Sioni kiburi hapo: Cash aliwakimbilia watu wake, Lendl hakuguswa.

Mbwembwe iliyolipiwa papo hapo ni ya Marat Safin, Roland Garros jijini Paris, 2004. Alipata pointi tamu dhidi ya Félix Mantilla, akashusha kaptula mbele ya umati. Mwamuzi akamkata pointi. Safin alishinda mechi hata hivyo, 11-9 katika seti ya tano.

Sherehe iliyotayarishwa mapema kuliko zote ilinikera zaidi, ingawa mwenyewe ni Roger Federer ninayempenda. Wimbledon 2009 alivaa koti lililotariziwa namba 15, idadi ya mataji yake makubwa, na Andy Roddick, aliyetoka kufungwa 16-14 katika seti ya mwisho, yupo palepale. Koti halitariziwi kwa dakika tano.

Lakini kiburi kilichoadhibiwa vikali kuliko vyote ni cha Martina Hingis, fainali ya Roland Garros 1999. Alikuwa na miaka 18, namba moja duniani, ameshachukua seti ya kwanza na anaongoza 2-0 katika ya pili. Mpira wake ukatangazwa kuwa nje. Hingis akavuka wavu, akaenda upande wa Steffi Graf kuonyesha alama kwenye udongo. Hilo halifanywi. Alikatwa pointi, na Paris nzima ikahamia kwa Graf. Hata hivyo alifika pointi tatu tu kabla ya ubingwa, kisha mchezo ukamponyoka. Mwishoni alianzisha mpira kwa mkono wa chini, wakamzomea. Graf, aliyekaribia miaka 30, akatwaa taji lake kubwa la 22 na la mwisho. Hingis alitoka uwanjani akilia, akarudishwa na mama yake kupokea zawadi ya mshindi wa pili. Taji hilo la Paris la mchezaji mmoja mmoja hakulipata kamwe.

Kijembe kikali zaidi cha miaka ya karibuni kilirushwa New York, 2023. Ben Shelton, kijana wa miaka 20, alikuwa na mtindo wa kushangilia ushindi kwa kushika simu ya kufikirika na kuikata kwa kishindo. Novak Djokovic alipomtoa katika nusu fainali, aliishika simu ileile, akaikata. Shelton alimpa mkono bila tabasamu. Bingwa wa miaka 36 hakuhitaji kumkejeli mtoto.

Nzuri kuliko zote, kwangu, ni ya Gustavo Kuerten. Roland Garros 2001, raundi ya nne, Michael Russell alibakiza pointi moja tu kumtoa. Mbrazili huyo alijinasua, akashinda, kisha akachora moyo mkubwa kwenye udongo kwa raketi yake na kupiga magoti ndani yake. Alipoushinda ubingwa siku chache baadaye, aliuchora tena. Safari hii alilala chali katikati yake, udongo mwekundu ukimganda mgongoni.