BUNGUA MWEUPE WA KAHAWA

Katika sehemu zilimwamo kahawa ya arabika, kama vile miteremko ya Mlima Kilimanjaro na wilaya ya Mbinga, mkulima huweza kuona mti mmoja ukinyauka ilhali miti ya jirani ni mizima. Majani yake hugeuka manjano hata kama mvua inanyesha vizuri. Akiyachunguza majani hayo, hataona mdudu yeyote. Adui yumo ndani ya shina, naye huenda aliingia humo mwaka mzima uliopita.

Adui huyo huitwa bungua mweupe. Ni dundu mwenye urefu wa sentimita 3 hivi. Mabawa yake ya juu ni magumu, yenye rangi nyeupe iliyochanganyika na kijivu. Utamtambua upesi kwa vipapasio vyake, kwani vya dume huzidi urefu wa mwili wake wote.

Mvua zinapoanza, jike hutafuna gome la mkahawa karibu na ardhi, akataga mayai yake moja moja chini ya gome. Baada ya majuma 3 hivi hutoka buu mweupe asiye na miguu. Buu huyu ndiye mharibifu. Kwanza hula sehemu laini iliyo chini ya gome. Mmekwisha kujifunza kwamba mmea hutengeneza chakula katika majani. Chakula hicho huteremka mizizini kwa kupitia sehemu hiyo hiyo laini, basi buu akilizunguka shina lote, njia hukatika. Maji huendelea kupanda kwa muda, kwa kuwa hupitia ndani zaidi. Mti huonekana mzima, kumbe mizizi inakufa njaa! Mizizi ikifa, maji nayo hukoma kupanda. Mti mchanga hufa. Mti mkubwa huweza kupona, lakini huzaa kidogo.

Baadaye buu hupenya ndani kabisa. Hukaa humo karibu miezi 20, kisha huwa pupa, na mwishowe dundu, ambaye hutoboa tundu la mviringo na kutoka.

Kwa hiyo mkulima hodari huinama akalitazama shina chini kabisa. Akiona maranda membamba yamerundikana hapo, hulitafuta tundu, akaingiza waya, kama vile spoki ya baiskeli, na kumchoma buu alimo. Mti uliokwisha kufa hung'olewa na kutiwa moto kabla ya mvua, kwa sababu mabuu waliomo huweza kuendelea kukua ndani yake.