Mchele Hautoi Chumvi

Swali huja kila bamvua, na huja vilevile: "Fundi, taa imeanguka majini. Mchele niiweke siku ngapi?"

Hakuna idadi ya siku. Taa ya kazi iliyoingia maji ya bahari ikalazwa kwenye mchele siku moja, tatu au kumi hufa kifo kilekile, na mara nyingi kule kuingoja kwenye mchele ndiko kulikomaliza saa ambazo ingeweza kuokolewa. Nimelijibu swali hili kwa wavuvi wa kamba mawe wa Kizingitini, kwa wakata mikoko, kwa mafundi wa Matondoni wanaokalafati chombo usiku kabla maji hayajajaa. Jibu ni lile lile, na wiki inayofuata naletewa taa nyingine yenye punje za mchele kwenye tundu la chaji.

Tuanze na adui. Maji hukauka. Kinachobaki ni chumvi, nayo ndiyo inayoua. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kwa hiyo kijiko kimoja cha mezani kikipenya ndani ya taa kinaacha nusu gramu juu ya saketi. Maji yatoke yote, chumvi iko palepale. Tena haikai kavu. Chumvi ya kupikia huanza kulowana yenyewe unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi. Chumvi ya magnesiamu, ambayo pia imo baharini, hulowana hata kwenye asilimia 33. Hewa ya usiku huku visiwani Lamu huvipita viwango vyote viwili. Yeyote aliyeacha kibakuli cha chumvi wazi wakati wa mvua za kusi ameyaona haya jikoni kwake. Ndiyo maana taa "iliyokauka" siku ya tatu hulowa tena siku ya nne bila kuguswa na tone, na safari hii kwa maji ya chumvi makali kuliko ya bahari yenyewe.

Na ndani mna betri, ambayo haipumziki. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.7, ilhali volti 1.23 kinadharia zinatosha kuanza kuyavunja maji. Muda wote taa imezikwa kwenye mchele pamoja na betri yake, umeme unapita katika ile chumvi na kuila shaba. Ile kutu ya kijani mnayonionyesha ni shaba ya saketi iliyokwisha kutoka mahali pake. Siwezi kuirudisha kwa mswaki.

Mchele unafanya nini katika haya yote? Hauvuti chumvi hata chembe. Hata maji hauyavuti inavyosadikiwa, maana mchele uliokaa dukani au jikoni pwani umeshashiba unyevu wa hewa hiihii. Unachoongeza ni vumbi la wanga, ambalo likichanganyika na maji huwa gundi. Kampuni ya Apple ilitoa tahadhari mwaka 2024, ikiwaambia wenye simu zilizolowa wasizitie kwenye mchele kwa sababu chembechembe zinaweza kuziharibu, na hizo ni simu zilizofungwa vizuri kuliko tochi yoyote ya Lamu. Betri ikiwa imevuja, mchele huo usirudi chunguni: kimiminika cha ndani ya betri ya lithiamu ni sumu.

Imani hii ina nguvu kwa sababu kuna mahali inaonekana kufaulu. Mvuvi wa omena katika Ziwa Viktoria akiangusha taa yake, imeingia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ataitoa, ataiweka kwenye mchele, itawaka, naye atausifu mchele, ingawa ingewaka vilevile ikiachwa kwenye upepo. Sifa hizo zinafika Lamu kwa simu, na hakuna anayeuliza maji yale yalikuwa maji gani.

Wengine hunionyesha kiboksi cha taa kilichoandikwa IP67. Ile 7 maana yake ni maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na maji ya majaribio hayo hayana chumvi, taa ikiwa mpya na haijaota jua juu ya sitaha. Taa iliyopata joto la nyuzi 50 ikatumbukia kwenye maji ya nyuzi 27, hewa ya ndani hunywea na kuyavuta maji kupitia mpira wa kuzibia. Mvuto huo ni kama kuizamisha sentimeta 70 zaidi. Usiku wa kwanza itastahimili. Baada ya msimu mzima wa kaskazi, mpira umekakamaa na maji yanapita. Kwa hiyo taa ikae kivulini, ipoe kabla ya kuguswa na maji.

Sasa la kufanya, na lifanywe humo humo chomboni, si mkirudi. Zima. Toa betri. Fungua taa, uisuuze ndani na nje kwa maji baridi, mara tatu, ukiyamwaga kila mara. Ndiyo, maji, hata kama inakuuma kuilowesha tena. Huko Pate na Ndau, ambako visima vingi vina munyu, tumia maji ya jabia. Najua thamani yake, lakini lita moja inatosha. Kung'uta, pangusa kwa spiriti mbali na moto, anika kivulini penye upepo mpaka siku ya pili, kisha tia betri nyingine. Betri iliyoingia maji ya chumvi usiichaji kamwe. Huko Florida mwaka 2022, baada ya kimbunga Ian, baadhi ya magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yaliwaka moto siku na hata wiki baadaye; betri ya taa ni ndogo, lakini paa la makuti halihitaji moto mkubwa. Iache nje, juu ya mchanga, mbali na nyumba.

Ukinunua, chagua mwili wa plastiki nene badala ya alumini, skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 badala ya 304, betri inayotoka kwa mkono, mpira wa kuzibia unaoonekana na kubadilishwa. Mpira usipakwe mafuta ya kujipaka mwilini, kwani huvimbisha baadhi ya mipira. Tundu la chaji lililo wazi ni mlango wa bahari. Taa iliyogandishwa kwa gundi haifai chomboni hata iandikwe nini, kwa sababu haisuuziki. Ifungue dukani, mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa.