"Trouble-fête": anaharibu furaha, lakini furaha ya nani?

Goma, Bukavu ao Lubumbashi, si lazima mtu azungumze Kifaransa vizuri ili aelewe neno "trouble-fête". Linaingia katikati ya maneno ya Kiswahili, kwenye nganda, kwenye karamu ya ndoa na hata kiwanjani. Ni jina la mtu anayeharibu furaha ya wengine. Lakini anayeitwa hivyo si kila mara mwenye makosa.

Neno na ndugu yake

Jina hilo limeungwa na maneno mawili: "troubler", maana yake kuvuruga, na "fête", yaani karamu ao sikukuu. Mwanamume na mwanamke wanaitwa namna moja. Kifaransa kina pia "rabat-joie", mwenye kushusha furaha. Maneno hayo yanakaribiana, lakini si sawa. "Trouble-fête" ni yule asiyetakiwa, ambaye akifika tu furaha inakatika. "Rabat-joie" ni mwenye uso wa kukunja, anayekaa pamoja na wenzake na kuwapoza.

Kiswahili nacho kinajua kuunga maneno namna hiyo. Tunasema "mvunja sheria". Kwa hiyo kila mtu ataelewa "mvunja karamu". Waswahili wa pwani wana picha ya jikoni: mwenye kuharibu jambo zuri ametia mchanga kwenye kitumbua.

Mbaya kuliko mdanganyifu

Mwaka 1938, Johan Huizinga, mwana-historia wa Uholanzi, alitoa kitabu Homo Ludens, kinachozungumzia mchezo katika maisha ya watu. Alitofautisha mdanganyifu na mvunja mchezo. Mdanganyifu anavunja sheria kwa siri, lakini mbele ya watu anajionyesha kuwa anazifuata. Mvunja mchezo anaukataa mchezo wenyewe. Ndiyo maana kundi linamvumilia wa kwanza na kumfukuza wa pili. Watoto wa mtaa wanalijua jambo hilo: anayeiba goli anagombezwa, kisha mchezo unaendelea, mwenye mpira akikasirika na kurudi nao nyumbani, mchezo umekwisha.

Lawama ikawa sifa

Katika michezo, neno hilo limegeuka sifa. Waandishi wa habari wanaiita "trouble-fête" timu ndogo inayoangusha vigogo. Mwezi wa 12 mwaka 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi ilishinda Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0. Ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter Milan iliishinda 3-0, lakini karamu ya Ulaya na Amerika ya Kusini ilikuwa imekwisha kuvurugwa. Lililokuwa huzuni Porto Alegre lilikuwa shangwe Lubumbashi.

Nani anaitwa hivyo?

Katika maisha ya kila siku, jina hilo linaweza kumnyamazisha mtu mwenye haki. Mwezi wa 3 mwaka 2020, Serikali ilifunga nganda na kukataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 juu ya Korona. Aliyewakumbusha jirani zake sheria hiyo alionekana adui wa starehe. Leo ni mama anayeomba muziki upunguzwe saa sita ya usiku kwa sababu mtoto wake anajitayarisha kwa Exetat. Ni rafiki anayeficha funguo ya pikipiki ya mwenzake aliyelewa.

Wapo wanaovuruga kwa wivu, na hao wanastahili jina hilo. Lakini neno lenyewe halichagui. Linaonyesha tu nani amekatisha furaha; halisemi ni nani alikuwa anailipia furaha hiyo, kwa usingizi wake ao kwa maisha yake. Asubuhi, mlevi akiamka nyumbani kwake akiwa mzima, ndipo atajua "trouble-fête" wa jana alikuwa nani kwake.