Ripoti ya intaneti ikiwa tupu, kagua ruta kabla ya kumgombeza mtoto

Jumapili usiku, watoto wameshalala. Baba anafungua simu aone tovuti zilizotembelewa nyumbani wiki nzima. Ukurasa mtupu! Hakuna hata tovuti moja, ilhali jana tu binti wa kidato cha pili alishinda sebuleni na simu ya mama. Wazo linalomjia baba ni moja: mtoto amefuta.

Asubuhi kunazuka maneno, pengine na fimbo. Lakini mara nyingi ripoti tupu haisemi lolote kuhusu mtoto. Inasema kwamba mfumo haurekodi.

Mfano ni OpenDNS, huduma ya bure ya kuchuja tovuti inayowekwa kwenye ruta ya nyumbani. Kuchuja ni kazi moja na kurekodi ni nyingine. Tovuti chafu zinaweza kuzuiwa vizuri na ripoti ikabaki tupu.

Cha kwanza cha kukagua ni namba zilizoingizwa kwenye ruta. Namba za FamilyShield, 208.67.222.123 na 208.67.220.123, huzuia tovuti za ngono bila akaunti, hivyo hazimpi mzazi ripoti. Anayetaka ripoti hufungua akaunti na kutumia 208.67.222.222 na 208.67.220.220.

Pili, ndani ya akaunti kuna sehemu ya takwimu ambayo mzazi huiwasha mwenyewe. Akishaiwasha asubiri, maana takwimu huweza kuchelewa hadi siku nzima.

Tatu ni anwani ya IP, na hapa ndipo wengi hukwama. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kupewa anwani mpya, huku akaunti ikiendelea kuitambua ile ya zamani. Dawa yake ni programu ndogo ya kusasisha anwani, inayowekwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Tatizo ni kubwa zaidi kwa ruta za laini ya simu: mara nyingi wateja wengi huchangia anwani moja, na hapo ripoti ya nyumba moja haiaminiki.

Nne ni simu yenyewe. Ikiwa inatumia bando lake badala ya Wi-Fi, haipiti kwenye ruta. Ikiwa na VPN, au kwenye mipangilio ya Android imewekewa DNS ya faragha ya kampuni nyingine, kichujio cha nyumbani hakioni kitu. Kuhakikisha ni rahisi: zima bando, unga Wi-Fi, kisha fungua welcome.opendns.com kwenye simu hiyo. Ukurasa utaeleza kama huduma inatumika au la.

Hata mambo yote yakikaa sawa, ripoti hiyo ina mipaka. Huonyesha jina la tovuti, si ukurasa uliosomwa. Haionyeshi ni simu ipi iliyoifungua, ya binti, ya kaka yake au ya mgeni aliyeomba Wi-Fi. Kwa hiyo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo, lakini haitoshi kumtia mtu hatiani.

Watoto nao waambiwe mapema kwamba nyumbani kuna kichujio, na kwa nini kimewekwa. Na mzazi aliyegomba kabla ya kukagua ruta, akikuta kosa lilikuwa la umeme uliokatika Jumanne, anamdai mwanawe neno moja: samahani.